Nihamie kukusanya madeni, niwe msimamizi wa zamu, au nibaki kwenye simu?

"Habari za kazi, mtaalamu. Huu ni mwaka wangu wa tatu napokea simu za wateja katika kampuni inayofanya kazi hiyo kwa niaba ya kampuni nyingine. Mkataba unasema saa 48 kwa wiki, siku sita, ila tunatakiwa tuwe tumeshawasha kompyuta na kufungua mifumo yote dakika 15 kabla ya zamu. Majuzi nimeona takwimu za sekta yetu: wastani wa malipo kwa saa unanizidi kwa karibu theluthi, na wastani wa saa kwa wiki uko chini ya 40. Nikajiona naibiwa. Sasa nimefunguliwa milango miwili. Kampuni ya kukusanya madeni inanipa mshahara wa msingi mdogo kuliko wangu pamoja na kamisheni, na wanasema watu wao wanapata mara mbili yangu. Hapa kazini nao wananipa usimamizi wa zamu kwa nyongeza ya asilimia 20, ila hakuna tena ovataimu. Mwenzangu ananiambia niache vyote, niingize data nyumbani kwa saa ninazotaka. Je, kweli nalipwa chini ya wengine? Na nichague lipi?"

Umeuliza mawili, lakini nahisi lile la kuibiwa ndilo linalokuuma, na hasira hiyo ndiyo inayoweza kukusukuma kuchagua vibaya katika lile la pili. Basi nianze nalo. Jibu langu ni kwamba takwimu ulizoziona hazithibitishi kuwa unapunjwa. Kuna mahali unapunjwa kweli, ila si pale ulipopaangalia.

Sekta yako inaitwa huduma za kusaidia biashara, na ni kapu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika mpangilio wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi unaotolewa na Umoja wa Mataifa, toleo la nne, kampuni yenu imo kwenye divisheni ya 82. Humo humo wamo wakusanya madeni na ofisi za taarifa za mikopo, wachapaji na wanakili wa nyaraka, waandaaji wa makongamano na maonyesho ya biashara, hata kampuni zinazofungasha bidhaa za watu kwa malipo. Na kila kampuni inaingia nzima nzima: mkurugenzi, mhasibu, fundi wa mitandao, mwanasheria, pamoja na wewe uliyevaa hedifoni. Ukisoma "wastani wa sekta" unasoma mchanganyiko wa hao wote.

Fanya hesabu ndogo. Wahudumu tisa wa simu wanalipwa 20 kwa saa, kwa fedha yoyote utakayoitaja, na meneja wao analipwa 100. Jumla ni 280, gawanya kwa watu kumi, wastani ni 28. Kila mmoja wa wale tisa akiona 28 atajiona yuko chini kwa wingi, ilhali wote tisa wanalipwa sawasawa na hakuna aliyeonewa kuliko mwenzake. Ndiyo maana mimi siku zote huutafuta mshahara wa katikati, yaani ule ambao nusu ya watu wako juu yake na nusu chini yake. Katika mfano huu ni 20. Taarifa nyingi nzuri za mishahara huchapisha vyote viwili. Ukiona umechapishwa wastani peke yake, usome kwa tahadhari.

Jedwali linalokufaa ni la kazi, si la sekta. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina mpangilio wake wa kazi, na katika toleo la 2008 karani anayetoa taarifa katika kituo cha simu ni namba 4222. Anayeuza kwa simu ni 5244, mkusanya madeni ni 4214, na karani wa kuingiza data ni 4132. Nchi nyingi hutumia namba hizi au zinazofanana nazo. Tafuta namba yako ndipo ujilinganishe. Na hapo kuna jambo watu hulisahau: anayepokea simu akiwa ameajiriwa moja kwa moja na benki huhesabiwa kwenye sekta ya benki, hata kama kazi yake na yako ni pacha. Mara nyingi mtu huyo hupata zaidi, kwa sababu ngazi yake ya mshahara inafuata ya benki, na bima na likizo vivyo hivyo. Kampuni kama yenu imeshinda zabuni kwa bei ya chini, na sehemu kubwa kabisa ya gharama zake ni mishahara. Hakuna pengine pa maana pa kubana. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa saa. Umeona wastani chini ya 40, ukadhani wenzako wanaondoka mapema. Mmoja akifanya saa 48 na mwingine saa 24, wastani ni 36, na hakuna hata mmoja kati yao anayefanya saa 36. Vituo vya simu vimejaa watu wa zamu fupi, na hao ndio wanaoushusha wastani. Tena tafiti zinazowauliza waajiri kwa kawaida huhesabu ajira, hazihesabu watu: dada anayefanya saa 20 hapa asubuhi na saa 20 kule jioni anaonekana kama watu wawili wenye wiki nyepesi. Yeye mwenyewe anajua kama wiki yake ni nyepesi.

Juu ya hayo, saa zenyewe si za aina moja. Mwaka 2008 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya ILO, ulitenganisha rasmi saa zilizofanyiwa kazi kwa kweli, saa zilizolipwa, saa za mkataba, saa za kawaida za mtu, na kadhalika. Siku ya likizo yenye malipo imo kwenye saa zilizolipwa lakini haimo kwenye saa zilizofanyiwa kazi. Dakika zako 15 ni kinyume chake: umezifanyia kazi, malipo hayazijui.

Hapo ndipo unapopunjwa. Katika tafsiri ile ya 2008, kujiandaa na kuweka vifaa tayari ni sehemu ya muda wa kazi. Kusubiri simu iingie ni kazi. Mfumo ukizima na wewe umekaa kitini unangoja urudi, ni kazi. Hata mapumziko mafupi ya kunywa maji au kuswali yamo. Yanayotoka ni mapumziko marefu ya chakula na safari ya kwenda na kurudi nyumbani. Hiyo ni lugha ya takwimu, si amri ya sheria, lakini sheria nazo zina wazo la jirani. Mkataba wa ILO namba 30 wa mwaka 1930, unaohusu biashara na maofisi, unasema saa za kazi ni muda ambao mfanyakazi yuko chini ya mwajiri kumtumia atakavyo. Kikomo chake ni saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, pamoja na nafasi kadhaa za kukiuka kwa masharti, na saa za ziada zinazoruhusiwa humo zinapaswa kulipwa angalau mara moja na robo ya kiwango cha kawaida. Mkataba huo hubana nchi zilizouridhia tu, na sheria ya nchi inaweza kuwa bora zaidi kwa mfanyakazi, kwa hiyo sheria ya unapofanyia kazi ndiyo ya kusoma kwanza. Ila angalia: mkataba wako wa kazi tayari umekaa kwenye 48 kamili. Kila dakika inayozidi iko juu ya dari.

Dakika 15 kwa siku sita ni dakika 90 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni saa 75, yaani zaidi ya wiki moja na nusu ya kazi kila mwaka unayowafanyia bure. Tuseme unalipwa 1,000 kwa wiki. Kwa saa 48 ni 20.83 kwa saa. Kwa saa 49 na nusu, ambazo ndizo halisi, ni 20.20. Si theluthi, ni asilimia tatu hivi, lakini hiyo ina uthibitisho na unaweza kuidai. Ile theluthi huwezi kuidai popote.

Kabla hujachagua mlango, ningependa uelewe kwa nini kazi hizi hulipwa zinavyolipwa, maana ukishalielewa hili kila ofa utaisoma mwenyewe bila kuniuliza. Kinachouzwa katika kituo cha simu si mazungumzo, ni utayari. Kampuni inauza ahadi kwamba mteja akipiga atapokelewa, kama zimamoto wanavyolipwa hata siku isiyo na moto. Na simu haziji kwa mpangilio. Dakika hii zinaingia saba, dakika ile hakuna.

Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni za kukadiria mambo haya, na programu za kupanga zamu mpaka leo zimejengwa juu ya kazi yake. Tuzitumie. Simu 60 kwa saa, kila moja inachukua dakika 5 kwa wastani. Hiyo ni dakika 300 za maongezi, sawa na kazi kamili ya watu watano. Mtu asiyejua ataweka watu watano. Foleni itakua bila kikomo, kwa sababu dakika ambazo simu zimepungua zinapotea, haziwekwi akiba. Ukiweka sita, mteja anasubiri karibu dakika 3 kwa wastani. Ukiweka saba, sekunde 49 hivi. Ukiweka wanane, sekunde 17. Kwa hiyo kampuni inayotaka sifa nzuri inaweka wanane, na kila mmoja wao anaongea dakika 37 na nusu tu katika saa. Zinazobaki ni kusubiri, na kusubiri huko kunalipwa.

Mwenye hesabu akitazama hizo dakika 22 na nusu anaona fedha zinamwagika. Ndipo zinakuja zamu za vipande, kazi ya muda wa saa nne asubuhi na muda wa saa nne jioni, katikati nenda zako bila malipo. Ndipo unaletewa barua pepe za kujibu kati ya simu na simu. Ndipo unapimwa mpaka muda wa kwenda msalani. Msimamizi wako si lazima awe na roho mbaya. Anafukuzana na kusubiri.

Na kuna upande wa hesabu hiyo ambao wafanyakazi wengi hawajaambiwa. Chukua kituo chenye simu mara kumi, 600 kwa saa. Usifikiri kinahitaji watu 80. Kikiwa na 55 tu, mteja anasubiri sekunde ishirini na ushei, karibu sawa na kile kituo cha watu wanane, kwa sababu kwenye kundi kubwa mabonde ya mmoja yanajazwa na vilima vya mwingine. Lakini kila mmoja wa hao 55 yuko kwenye simu kama dakika 55 katika kila saa. Mshahara kwa saa unaweza kuwa uleule kwenye vituo vyote viwili, wakati jasho la saa moja halilingani hata kidogo. Hakuna jedwali la mishahara linalokuonyesha hilo. Ukienda kwenye usaili wa kituo chochote uliza: katika saa moja mhudumu anakuwa kwenye simu dakika ngapi kwa wastani? Wanaijua namba hiyo, iko kwenye skrini ya msimamizi kila siku. Wakikwepa kuitaja, una jibu.

Basi chukulia kila kazi katika sekta hii kama mapatano juu ya nani analipia muda uliokosa kazi. Ukiwa mhudumu wa simu wa mshahara wa saa, mwajiri analipia, ndiyo maana malipo ni ya chini na anakubana. Milango yako yote mitatu ni njia tatu za kuuhamishia mzigo huo kwako.

Mkusanya madeni wa kamisheni anaubeba kwa njia hii: mdaiwa asipopokea simu, au akaahidi asilipe, saa zako zimekwenda na mfuko mtupu. Waliokwambia kwamba watu wao hupata mara mbili yako yawezekana hawasemi uongo, ila wanamtaja nani? Aliyefanya vizuri mwezi uliopita? Omba wakuambie kamisheni ya mkusanyaji wa katikati kwa miezi 12, na wawajumuishe walioacha kazi ndani ya mwaka huo. Hilo la walioacha ndilo zito: wasiopata kitu huondoka, wakabaki wanaopata, na wastani wa waliobaki hupendeza daima.

Halafu uliza kuhusu mafaili, yaani madeni utakayopewa kuyafuatilia. Deni la mwezi mmoja na deni la miaka mitatu si mali moja. Kadiri deni linavyozeeka, mdaiwa amehama, amebadili namba, ana wadai wengine kumi, na uwezekano wa kulipwa unashuka. Nani anagawa mafaili mapya? Kama ni msimamizi anayegawa kwa mapenzi yake, basi kipato chako kiko mkononi mwa mtu huyo, bidii yako inakuja nyuma. Uliza kamisheni inahesabiwa lini, mdaiwa anapoahidi au fedha inapoingia, na kama malipo yakirudishwa baadaye unakatwa. Uliza kama kamisheni inaingia kwenye hesabu ya ovataimu, malipo ya likizo na mafao ya kuacha kazi, au vyote hivyo vinahesabiwa kwa ule mshahara mdogo wa msingi. Mtu anaweza kupata mwaka mzima zaidi yako, akaja kugundua siku ya kuondoka kwamba kiinua mgongo chake ni cha karani wa mwanzo.

Saa zake nazo zina sura yake. Wadaiwa hupatikana wakiwa nyumbani, jioni na mwisho wa wiki, ingawa nchi nyingi zina sheria za muda wa kuwapigia na namna ya kuongea nao. Utatukanwa. Utasikia watu wakilia. Wapo wanaoiweza kazi hiyo kwa utulivu na wanaifanya kwa heshima, hata mdaiwa akawashukuru kwa kumpangia malipo anayoyamudu. Wapo inaowala taratibu. Wewe mwenyewe unajijua ni yupi, na mshahara haubadilishi hilo.

Usimamizi wa zamu unaonekana wa heshima zaidi, na ndio ninaouogopa zaidi katika hesabu tupu. Nyongeza ya asilimia 20 inakupeleka kwenye 1,200 kwa wiki. Msimamizi anafika kabla ya zamu kukabidhiwa, anabaki baada ya zamu kuandika ripoti, na mtu asipotokea usiku anapigiwa yeye. Ikifika saa 60 kwa wiki, 1,200 gawanya kwa 60 ni 20 kamili kwa saa. Umepandishwa cheo ukashushwa mshahara. Zaidi ya hapo, kama ungebaki mhudumu ukafanya saa hizo hizo 60, 48 kwa kiwango cha kawaida na 12 kwa mara moja na robo, ungepata takriban 1,312. Kivuko kati ya faida na hasara kiko karibu saa 58 ukilinganisha na kiwango chako cha sasa cha 20.83 kwa saa, bila kuhesabu dakika za bure. Chini ya hapo unafaidika, juu yake unawafanyia sadaka.

Halafu kuna swali la kisheria ndani yake. Kuitwa msimamizi hakukuondolei haki ya ovataimu kila mahali. Sheria nyingi huangalia unachofanya, kama una mamlaka ya kuajiri, kuadhibu, kupanga bajeti, na si jina lililo mlangoni. Msimamizi ambaye nusu ya siku anapokea simu kama wengine, huku akihesabiwa ni uongozi ili asilipwe saa za ziada, ana hoja ya kupeleka mbele.

Hata hivyo usimamizi una kitu ambacho namba hizi hazikioni. Utajifunza kupanga zamu, kusoma makadirio ya simu, kupima ubora, kuandika taarifa kwa mteja anayelipa. Ujuzi huo unauzika kwenye benki, hospitali, mashirika ya ndege, popote penye foleni ya simu. Ujuzi wa kupokea simu peke yake, baada ya mwaka wako wa tatu, umeshaongezeka ulipoweza kuongezeka.

Kuhusu kuingiza data nyumbani nitakuwa mfupi. Kazi nyingi za namna hiyo hulipwa kwa kipande: fomu, ukurasa, dakika ya sauti. "Saa unazotaka" maana yake ni kwamba kazi isipokuja hulipwi kwa kuingoja, kosa unalirekebisha kwa muda wako, umeme na intaneti ni vyako. Mwandishi wa maandishi kutoka kwenye sauti huambiwa bei ya saa moja ya rekodi, na saa moja ya rekodi kwa kawaida humla saa nne hivi za kuandika. Gawanya kwa nne kwanza ndipo ufurahi. ILO ina mkataba namba 177 wa mwaka 1996 unaotaka wanaofanyia kazi nyumbani watendewe sawa na wenzao wa ofisini, lakini ni nchi chache zilizouridhia. Tena hii ni kazi ambayo programu za kusoma hati na kubadili sauti kuwa maandishi zinaila mwaka hadi mwaka. Kwa mzazi mwenye mtoto mchanga, au mwanafunzi, inaweza kufaa kwa muda. Kwa aliyeshika kazi ya kudumu, sioni.

Ukinilazimisha kuchagua, ningechukua usimamizi kwa masharti yaliyoandikwa, na kama masharti hayakuandikwa ningebaki kwenye simu huku nikitafuta nafasi kama yangu ndani ya kampuni inayohudumia wateja wake yenyewe. Rudi kwenye yale niliyosema kuhusu zabuni: kampuni yenu inaweza kukupenda sana na bado isiwe na fedha ya kukulipa, maana bei imeshafungwa na mteja wao. Huko kwa mwenye wateja, bei hiyo haipo. Masharti ya usimamizi ninayoyataka ni matatu tu: idadi ya saa za kawaida kwa wiki itajwe, simu za usiku na siku za mapumziko zifidiwe kwa malipo au kwa siku ya kupumzika, na kwa miezi mitatu ya kwanza uweze kurudi kwenye nafasi yako bila adhabu. Sharti la tatu wengi hawaliombi kwa kuona aibu, na waajiri wengi hulikubali bila ugomvi.

Madeni ningeyaangalia tu kama mshahara wa msingi peke yake, bila kamisheni hata senti, unalipa kodi yako ya nyumba na chakula. Kamisheni iwe ya ziada. Ukihitaji kamisheni ili kula, mwezi mmoja mbaya utakurudisha kwenye mikopo, nawe utajikuta upande wa pili wa ile simu.

Sasa kuhusu zile dakika 15. Kabla ya kuzungumza na yeyote, weka kumbukumbu kwa wiki nne: tarehe, saa uliyoketi, saa uliyoingia kwenye mfumo, saa uliyotoka, mapumziko. Daftari la kawaida linatosha, ila liandike siku ile ile, usilijaze mwisho wa wiki kwa kukumbuka. Mfumo wenyewe huhifadhi muda wa kuingia na kutoka, kwa hiyo ukifika kwenye mzozo daftari lako lina cha kulinganishwa nacho. Usichukue picha za skrini zenye taarifa za wateja, hata kama ndiyo njia rahisi ya kuonyesha saa. Watu wenye madai ya haki kabisa wamefukuzwa kwa kosa hilo, na dai likapotea katikati ya kesi nyingine. Chukua pia hati yako ya mshahara na uone kama saa, kiwango na makato vimeandikwa wazi. Mkataba wa ILO namba 95 wa mwaka 1949 kuhusu kulinda mishahara unataka mfanyakazi ajulishwe mshahara wake umepatikanaje, na hautaki makato yasiyo na msingi wa sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi.

Anza na msimamizi au idara ya rasilimali watu, kwa maandishi na kwa upole: naomba kufafanuliwa muda wa maandalizi unalipwaje. Usiandike neno wizi. Mara nyingine jibu ni kwamba zamu itaanza kuhesabiwa mapema, basi yakaisha. Jibu likiwa ni kimya au vitisho, usiendelee peke yako. Mwone kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama kipo, au nenda ofisi ya kazi ya serikali ukiwa na mkataba, hati za mshahara na lile daftari, nao wakueleze kwa sheria ya huko, kwa sababu hapo maandishi yangu hayakutoshi. Usikawie pia: madai ya malipo yana muda wa mwisho wa kuyafungua, na katika sheria nyingi muda huo ni mfupi kuliko mtu anavyodhani. Kama kampuni inataka usaini karatasi inayosema huna dai lolote, hasa siku ile ile unayokabidhiwa barua ya usimamizi, hiyo ipeleke kwa mwanasheria kwanza.

Na kwa kuwa hukuniuliza lakini umeshafanya kazi hii miaka: masikio yakivuma baada ya zamu, au uliwahi kupigwa na sauti kali ya ghafla kwenye hedifoni ukabaki na maumivu, mwone daktari wa masikio na umwombe aandike kilichotokea na lini. Sauti inayokauka kwa zaidi ya wiki mbili au tatu nayo ipeleke. Usimamizi ukiwa na zamu za usiku, uliza kabla ya kusaini kama kuna uchunguzi wa afya, maana mkataba wa ILO namba 171 wa mwaka 1990 unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kuuomba, na waajiri wengine huufuata hata pasipolazimishwa.

Barua ya kuacha kazi, kama utafikia huko, usiiandike mpaka uwe na mkataba mpya mkononi uliosainiwa na pande zote mbili, na uwe umeusoma ukurasa wa saa kabla ya ukurasa wa mshahara.